Figo za Mama Yenu Zimeamka

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Anueni nguo, mvua isije ikazikuta.

Nimekwenda hospitali. Nesi amepiga simu asubuhi: figo za mama yenu, zilizogoma mwili ulipovimba na kuwaka moto baada ya upasuaji wa moyo, zimeanza kazi. Mkojo umetoka. Nimeshawatangazia majirani kwamba kajaza pipa. Nesi anasema kikombe, lakini yeye si mume.

Leo watajaribu kuizima mashine ya kusafisha damu. ~~Msije, mtamchosha.~~ Njooni jioni. Akiomba maji msimpe, hata akibembeleza, bado anapimiwa kiasi cha kunywa. Jana nilimpa funda moja, nesi akanivuta sikio hadi nje, na mama yenu akacheka, mara ya kwanza tangu apasuliwe.

Leo nampelekea nesi sikio la pili.

Baba yenu