Presha ya Mama na Mlinzi Niliyemweka

Jumatano jioni, Sumbawanga

Presha ya mama imepanda tena. Leo siku ya tatu tangu apasuliwe uvimbe tumboni, na nesi wa wodi anashikilia kwamba maumivu ndiyo yanaipandisha. Maumivu gani, wakati sindano za kutuliza nilinunua mwenyewe duka la dawa nikamkabidhi yeye nesi? Siku hizi maduka hayo yanaota kama uyoga. Nilijua tu ameshaziuza huko.

Ndiyo maana tangu siku ya kwanza nilimweka mume wangu mlangoni pa wodi, macho yasibanduke kitandani kwa mama.

Leo nikamvaa nesi: "Sindano ziko wapi?" Akafungua kabati. Hata moja haijaguswa.

"Dada, kila nikija kumchoma anakataa, anasema haumwi."

Nikamwinamia mama. Akanong'ona, "Mwanangu, mbele ya mkwe hata ugali sijawahi kula. Ndiyo nifunuliwe matako nichomwe sindano?" Machozi yakamtoka.

Nikamwambia mume wangu aende nyumbani. Mama akachomwa, akalala. Kupimwa jioni, presha imeshuka.

Siku tatu ameuma meno kwa sababu yangu.

Kesho nakaa mwenyewe. Na sindano zilizobaki nitazihesabu.