Milioni Moja na Moja Imefunguka

Kamwene, Baba.

Kaa vizuri huko uliko, maana nina habari na siwezi kungoja hadi niifikishe nyumbani Kalenga. Milioni moja na moja inagawanyika! Ile 1,000,001 yako, uliyowatambia darasa la tano miaka yote. Inagawanyika, Baba, na haiachi baki hata kidogo!

Mama alinipigia simu hapa Iyunga wiki iliyopita. Kaburi lako linajengewa, na fundi anasubiri maneno ya kuchonga kwenye kibao cha marumaru. Kaka akasema tuandike kama ulivyotaka mwenyewe: jina lako, na chini yake "1,000,001, haigawanyiki." Nilikubali. Halafu moyo ukasita, maana marumaru hayafutwi kama ubao. Nikaona bora nihakikishe kwanza.

Unakumbuka tulivyoipenda? Tulikuwa tunapukuchua mahindi, ukaniambia nichukue namba yoyote ya tarakimu sita, niizidishe kwa hiyo, nitaona inajiandika mara mbili. 483,920 ikatoka 483,920,483,920. Nilidhani ni uchawi wako! Kisha tukaanza kuigawa kwa namba tasa, mbili, tatu, tano, saba, tukifuata ile chati uliyoichora ukaibandika ukutani. Chati iliishia 97, kama chati za shule zinavyoishia kabla ya mia, nasi tukaishia hapo hapo. Ukapiga meza: "Hii haina mlango, mwanangu!"

Juzi nimebandika maharage, nikaendelea na tasa inayofuata. 101. Baba! Ikaingia yote! 101 mara 9,901. Nilipiga kelele hadi jirani akaja mbio na mwiko mkononi, akidhani nimeungua. Tasa moja tu mbele ya pale tulipokaa tukishangilia! Tulipaswa kujaribu hadi karibu na elfu, maana elfu mara elfu ndiyo milioni. Nikacheka peke yangu. Kisha nikalia, kwa sababu mtu wa kumpigia simu ni wewe.

Sasa sikia zuri zaidi. Hiyo 9,901 nayo nimeijaribu. Mia mara mia ni elfu kumi, imeshaipita, kwa hiyo tasa zilizo chini ya mia zinatosha kabisa kutoa uamuzi. Ni chati yako hiyo, Baba, nzima, mbili hadi 97! Nimegawa kwa zote na kila moja imeacha baki. Kwa 9,901 chati yako haikukosea chochote.

Niliogopa kumwambia Mama. Nilihofu ataona nakuaibisha na wewe huwezi kujitetea. Nilisikia kwanza akiwafukuza kuku wake. Kisha akasema, "Baba yenu angekasirika sana mkimwandikia jibu la uongo. Mwambieni fundi aandike lililo sahihi." Kaka naye hakubisha. Basi chini ya jina lako patachongwa 1,000,001 = 101 × 9,901, na nina furaha hata chakula hakipiti!

Jumamosi napanda basi kuja Iringa, kisha huko Kalenga. Kwaheri kwa sasa, Baba, pumzika kwa amani. Nakuahidi nitasimama pembeni ya fundi nimsomee tarakimu moja moja, asije akakudondoshea sifuri.

Mwanao,
Neema