Simu Niliyoikalia

Tuli, usinipigie tena nikiwa kazini!! Nimeaibika leo, wee!

Kwenye kliniki yetu ya afya ya akili kaja baba mmoja kutoka Kisiba, katoka gerezani juzijuzi. Nilipoliona hilo kwenye faili, simu nikaikalia. NIKAIKALIA, Tuli!

Akaanza: "Nesi, silali. Tangu nitoke, kila ninapoingia watu wanaficha vitu vyao."

Nami kwa huruma zote: "Pole sana baba, watu wana roho mbaya."

Ndo ukapiga. Kiti kizima kikatetemeka 😭

Akanitazama. Akatazama kiti. Akacheka mpaka akafuta machozi.

"Jumanne narudi, mwanangu. Ila simu uiweke mezani. Hiyo ndiyo dawa yangu ya kwanza."