Unamwamkia Nani Njiani

2 Februari

Baba,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Usinijibu kwamba siku zinakwenda. Nataka kujua kama unakula. Mimi mzima.

Nimepewa kazi ambayo Mama angeipenda. Tunaandika kitabu kipya cha maarifa ya jamii cha darasa la tatu, na sura ya kwanza, "Mtaa Wetu", imeniangukia mimi. Nataka ianze kama alivyoanza yeye, kwa watoto kuchora njia ya kutoka kwao hadi shuleni. Wenzangu wanasema mtoto aanze na ramani ya nchi. Unakumbuka alivyolifundisha somo lile? Mimi alikataa nikae darasani kwake, asije akaambiwa anapendelea.

Mwanao, Kengele

15 Februari

Mwanangu Kengele,

Marahaba. Nakula. Kifua kinakohoa kikikumbuka.

Mimi nakumbuka chaki. Walikuwa wakichora sakafuni naye akitambaa nao, basi anarudi nyumbani magoti meupe. Nikimwambia, "Mke wangu, umri huo na kutambaa?" anajibu, "Fundi, mtu hawezi kuijua nchi kabla hajajua anamwamkia nani njiani." Hilo ndilo lilikuwa swali lake kwa watoto. Hakuuliza duka liko wapi. Aliuliza, unamwamkia nani?

Kibanda changu cha kutengeneza baiskeli nimekifunga tangu tulipomzika. Upande wa shuleni siendi. Asubuhi kuna mtoto anapita getini anasema shikamoo kwa sauti kubwa, na nikifika mlangoni ameshapita. Labda ni utani wa watoto.

Baba yako

20 Mei

Baba,

Shikamoo, na pole kwa kimya changu. Nimeharibu.

Ili watoto wapate mfano, nilichora mtaa wetu: zahanati, duka la kona, kibanda chako. Tukavipeleka vitabu shule za majaribio, kisha nikaenda kukagua. Baba, kila darasa linaimba kwa pamoja, "Fundi baiskeli yuko mkabala na zahanati." Shule moja iko mlimani, baiskeli haijawahi kufika. Nikamwuliza mwalimu mbona hawachori mtaa wao. "Kimeandikwa hivyo, dada," akasema. "Na mtihani ukija?" Mtoto mmoja akaninong'oneza kwamba kwao hakuna mtaa, mtaa uko kitabuni.

Sasa jopo la kupitisha kitabu linataka kuifuta sura nzima. Nimebakiwa na kikao kimoja. Nitaomba mchoro wangu utoke, ukurasa ubaki wazi, na juu yake liandikwe swali la Mama tu. Likikataliwa, somo lake limekwisha pamoja naye. Niombee.

Mwanao

1 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka kifua kikalalamika. Sikujua nimekuwa maarufu mlimani.

Acha wazi. Mama yako alikuwa akiuliza kisha anangoja. Siku moja nilikwenda kumpelekea miwani, nikasimama dirishani, na kimya kile kikanifanya mimi mtu mzima nitamani kunyoosha mkono.

Baba yako

30 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Hukujibu barua yangu ya Agosti, lakini hili haliwezi kungoja jibu.

Kwenye kikao mkuu wa jopo aliniuliza, "Kwa hiyo tuwapelekee watoto karatasi tupu?" Hata hivyo wakakubali tujaribu mara moja. Jana vitabu vilirudi. Tulivifungua sakafuni ukumbini, ukurasa ule ule, kimoja kando ya kingine mpaka ukutani. Kuna anayemwamkia mvusha watu mtoni. Kuna anayemwamkia mbwa, kwa jina. Mmoja ameandika, "Siamkii mtu, naimba mpaka nifike." Yule wa mlimani amechora ukungu, na ndani yake mkono wa mtu unapunga.

Mkuu alivua viatu ndipo akapita katikati. Akasema polepole, "Mitaala nimeandika maisha yangu yote. Nchi ndiyo kwanza naiona."

Sura imepita. Mwakani inakwenda shule zote. Nilipoinuka, magoti yangu yalikuwa meupe kwa vumbi.

Mwanao, Kengele

12 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe kimya.

Juzi mwalimu wa darasa la tatu aliniita nikamtengenezee baiskeli pale pale shuleni. Nikasita, nikaenda. Watoto walikuwa na kitabu chako. Msichana mmoja amechora geti letu, na mtu ameshika ufagio.

"Huyu nani?"

"Mwalimu. Ndiye ninayemwamkia."

"Lakini Mwalimu alifariki, mjukuu wangu."

"Najua, babu. Mazishini nilikuja. Lakini njia yangu bado inapita pale."

Sauti nikaitambua, ndiyo ile ya asubuhi getini. Nikajikaza, nikamwuliza mbona kibanda cha baiskeli hakimo. Akaniangalia kama vile mimi ndiye nisiyejua kitu. "Si kimefungwa?"

Nimekifungua. Asubuhi natoka mapema, nafagia getini. Akipita na shikamoo yake, kwanza nangoja kidogo, ili Mama yako mwenyewe apate nafasi ya kuitikia. Kisha naitikia mimi.

Baba yako