Majani ya Mpapai kwenye Bafta ya Bibi

Barani, Malindi
Jumapili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tafadhali mpe na Mama shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, kwa sababu ukifika katikati huenda ukasahau. Visigino vyako vinaendeleaje? Mama alisema maji ya chumvi huko kazini Marereni yamevipasua tena. Huku sote tu wazima. Shangazi ni mzima, na Bibi ni mzima sana, jambo ambalo nakuomba ulikumbuke unaposoma habari hii.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa amri ya Bibi. Anasema kwenye simu, mtu akifika penye kosa lake, mtandao hukatika.

Mwalimu Zuhura, anayetufundisha sanaa, anatushonesha mifarishi ya viraka ya kutundikwa ukutani, na vitambaa vyake tunavipiga chapa wenyewe kwa jeli. Unakoroga unga wa jelatini kwa maji ya moto na gliserini, unamimina kwenye sinia, unaweka kwenye friji mpaka igande. Kisha unaipaka rangi nyembamba, unalaza majani juu yake, unafunika kwa kitambaa na kusugua kwa kiganja. Ukikifunua, umbo la jani limebaki jeupe. Ukiliondoa jani na kupiga mara ya pili, unapata hata mishipa yake. Mara ya kwanza nilipoiona mishipa ya jani la mpapai niliikodolea macho mpaka Shangazi akaja kunishika paji la uso kuona kama nina homa.

Bibi hakuipenda jeli tangu mwanzo. Alifungua friji kutafuta maziwa, akaigusa kwa kidole, ikatikisika.

"Kitu hiki kimetokana na nini?"

"Mifupa ya ng'ombe, Bibi. Pakiti imeandikwa halali."

"Ng'ombe huyo alikuwa na wasiwasi sana," akasema, akafunga friji.

Sasa nafika penye kosa. Alhamisi stima ilikatika tangu asubuhi. Niliporudi kutoka shule jeli ilikuwa imeanza kulegea pembeni, na sikuweza kutengeneza nyingine, kwa sababu gliserini ya Shangazi ya kupaka miguu nilikuwa nimeimaliza. Mwalimu alitaka kiraka cha katikati kesho yake, nami vitambaa vyangu vilikuwa vimekwisha. Bibi alikuwa kwa jirani. Nilipiga hodi mara tatu mlangoni pake, ingawa nilijua hayumo, kwa kuwa ndivyo mlivyonifundisha. Ndani ya sanduku lililo chini ya kitanda, juu kabisa, palikuwa na bafta nyeupe iliyokunjwa vizuri, inanukia kafuri. Nilidhani kafuri ni ya kufukuza mende.

Baba, ni ile bafta uliyomnunulia wewe. Ile aliyoiweka iwe sanda yake.

Sikujua. Nilipiga chapa kumi na moja kabla jeli haijawa uji: majani ya mpapai kwa rangi ya kijani, na ya mkilifi kwa buluu. Nimefundishwa kusema kweli, kwa hiyo nasema kwamba sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna ile.

Bibi alirudi akaikuta kwenye kamba. Akavaa miwani. Akavua miwani.

"Mwanajuma, hii umeitoa wapi?"

"Sandukuni mwako, Bibi."

"Hujui kwamba hii ni nguo yangu ya safari?"

Nikamuuliza kwa adabu anasafiri lini.

Shangazi, aliyekuwa akichagua mchele, aliingia ndani mbio, nikasikia anacheka ndani ya mto wa kulalia. Alipotoka ndiye aliyenieleza, na hapo nililia. Bibi alikuwa ameketi barazani, bafta mapajani.

"Malaika waje kuniuliza habari za dini yangu," akasema, "waanze kuniuliza habari za mapapai!"

Niliifua mara tatu. Rangi haikutoka, kwa sababu ni rangi nzuri.

Ijumaa nilimweleza Mwalimu Zuhura yote, na jana alikuja nyumbani kuomba radhi. Alianza vizuri, lakini alipoletewa bafta aliikunjua, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akasahau kuomba radhi. Anataka iwe katikati ya mfarishi wangu, na mfarishi uende kwenye maonyesho ya wanafunzi huko Kilifi. Katika darasa letu nimechaguliwa mimi peke yangu.

"Watu watakuja kuangalia?" Bibi akauliza.

"Wengi, Bibi."

"Na jina litakaloandikwa?"

"La Mwanajuma."

"Na la mwenye kitambaa?"

Mwalimu akasema hata hilo linaweza kuandikwa. Bibi akafikiri. "Basi liandikwe. Lakini kisiandikwe kilikuwa cha kazi gani. Majirani wangu hawa watakuja kunitazama kama ninapumua."

Hata hivyo ameweka shuruti moja. Bafta ni yake lakini mkono ulioitoa ni wako, kwa hiyo haiendi Kilifi bila ruhusa yako. Fomu ya ruhusa imo ndani ya bahasha. Mahali pa sahihi nimeweka alama ndogo ya penseli, nawe unaweza kuifuta. Ukikataa sitanung'unika, ila nitaumia, nawe ungetaka kujua.

Nisalimie dada yangu na mwanawe, umwambie asimfundishe kutembea kabla sijaja. Msalimie pia Baba Mdogo wa Ngomeni, lakini habari za bafta usimwambie, atazifikisha msikitini kabla ya adhana.

Bibi anataka bafta nyingine, nyeupe, isiyo na majani. Nilimwambia unaweza kuituma kwa gari. Akasema sanda haipakiwi kama gunia la chumvi. Uilete kwa mkono wako, ukae, ule, kwani tangu Idi hajauona uso wako. Sasa hivi amenisimamia hapa begani na ananiambia niongeze: bafta haina haraka hata kidogo. Wewe ndiye unayetakiwa haraka.

Ni mimi mwanao anayekupenda na kungoja jibu,
Mwanajuma