Ukurasa Wangu Mtupu

Mabawa, Tanga

Pacha wangu Nasri,

Salamu kutoka nyumbani. Mama hajambo, jana katembea mwenyewe hadi uani, akadai chai ya iliki. Paka wako kazaa tena, juu ya vitabu vyako.

Kampuni yenu imenikataa. Tangazo lilisema wanawake tunakaribishwa, nikaamini. Maswali yote ya usaili niliyajibu. Kisha wakafungua ukurasa wangu mtandaoni, ule wa kuonyesha programu tulizoandika, wakauliza ni programu zipi za kompyuta, zile za wazi kwa umma wote, nimesaidia kuandika bila malipo. Hakuna hata moja. Wakanionyesha wako uwe mfano! Miaka mitatu ya kujitolea, wakasema, huo ndio moyo wanaoutaka.

Nakuonea wivu. Chuo tulimaliza pamoja, na alama zangu zilizidi zako. Mama alipopooza, wewe ulifunga mlango ukaandika programu zako. Mimi nilimgeuza, nikamwogesha, na sahani yako nikakuletea hapo hapo kwenye kompyuta. Nami nilijitolea, Nasri, ila hakuna pa kubonyeza wakaona.

Mwezi ujao omba likizo, uje umuuguze Mama. Safari hii mlango nitafunga mimi.

Wa tumbo moja nawe,
Samiha