Kadi ya Mbwa Mwingine

Nyumbani, nyuma ya kiwanda cha mbao,
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo na kazi za wodini? Binamu zangu wazima? Sisi tunapumua, isipokuwa mguu mmoja, na huo ndio ulionikalisha kuandika. Nitakueleza yote, hata yale ambayo Baba amesema yasivuke mlango, maana nina hasira na sitaki ipoe kabla hujanijibu.

Jumatatu mdogo wangu Kitinda alifuata mpira wake ulioingia chini ya lango la kiwanda. Mbwa mweusi wa Bwana Mbao, mwenye kiwanda, akamng'ata shavu la mguu. Yalionekana matundu mawili tu, madogo, na damu haikuwa nyingi.

Unamjua Mama na cherehani yake: haoni tundu akaliacha wazi. Alifuta juu juu kwa kitambaa, akakutanisha kingo, akabana kwa plasta, nadhifu kabisa. Kesho yake mguu ulivimba, ukawa wa moto, Kitinda akashindwa kuukanyagia.

Kule zahanati nesi alibandua plasta na usaha ukatoka. "Mama, huu ni mguu, si suruali!" alisema. "Jino limepeleka uchafu mpaka ndani, nawe ukaufungia mlango." Akatuambia ilivyopaswa kuwa: sabuni na maji ya bomba yanayotiririka, robo saa nzima, kisha kukimbilia zahanati jeraha likiwa wazi. Alipolisafisha, Kitinda alilia mpaka sauti ikamwisha. Tangu siku hiyo Mama hajagusa cherehani.

Nesi alitaka kujua kama mbwa amechanjwa, nikatumwa kwa Bwana Mbao. Alikuwa na wateja. "Matundu mawili ndiyo yanakuleta hapa unahema? Binti, hata kifungo cha shati kina manne!" Wateja wakacheka. Baba alikuwa palepale, akisukuma gogo kwenye msumeno, akainamisha kichwa. Kisha Bwana Mbao akanitupia kadi ya chanjo bila kuitazama.

Mimi niliisoma njiani. Imeandikwa: jike, mweupe. Ni yule mbwa wake aliyekufa mwaka juzi! Nesi hakungoja zaidi. Kitinda alichomwa sindano ya kwanza ya kuzuia kichaa cha mbwa, ya pili Ijumaa, na zimebaki mbili. Mbwa naye, nesi aliagiza, afungwe mnyororo, asiuawe, aangaliwe siku kumi kama anakula na kunywa, kisha bwana mifugo aje kumkagua. Kazi ya kumwangalia nimepewa mimi. Kila nikitoka shule Bwana Mbao hunifungulia lango mwenyewe, nami naandika alivyokula mbwa, polepole, kwa mwandiko wangu wa mtihani, ili mzee huyo aendelee kusimama juani. Mpaka leo mbwa anakula vizuri. Nashukuru kwa ajili ya Kitinda, si kwa ajili ya Bwana Mbao.

Jana sauti ya Bwana Mbao ilikuwa nyingine. "Mwanangu, hiyo kadi nirudishie tu. Bwana mifugo akija Alhamisi kumkagua mbwa, mambo ya kadi ya nini? Nitakutengenezea meza ya kusomea, yenye droo."

Shangazi, unajua ninavyosomea juu ya ndoo. Lakini nilimjibu, "Meza ina miguu minne, mzee. Mdogo wangu ana haja na mmoja tu." Nilitembea mpaka nyumbani nikicheka peke yangu.

Furaha hiyo haikufika hata chakula cha jioni. Baba ameniomba niirudishe kadi, kwa kuwa anapasua mbao kwa mtu huyo na hana pengine pa kwenda. Mimi nataka bwana mifugo aisome kwa sauti mbele ya wateja walewale, Bwana Mbao akitafuta pa kuuficha uso wake. Nikifumba macho naiona siku hiyo, ndipo napata usingizi.

Wasalimie binamu zangu wote wawili, na umwambie Babu kwamba Kitinda ameanza kuchechemea hadi uani. Mungu akuweke, na mikono yako iendelee kuponya watu.

Dereva wa lori anayekuletea barua hii anarudi huku Jumatano. Mpe jibu lako mkononi. Wewe ni muuguzi, na Baba ni kaka yako. Siku ya Alhamisi nimpe kadi bwana mifugo, au nimrudishie Bwana Mbao?

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja.